Mama katumia dawa za TB miezi miwili, kikohozi hakijakatika na sauti imekauka: je, ni saratani ya mapafu?

*Swali:* Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Singida. Hajawahi kuvuta sigara, ila amepika maandazi ya kuuza kwa kuni zaidi ya miaka 25. Ana kikohozi mwezi wa tano sasa. Alipewa antibiotiki mara tatu bila nafuu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, hakukuonekana TB. Eksirei ikaonyesha doa sehemu ya juu ya pafu la kushoto, akaanzishiwa dawa za TB. Leo ametimiza miezi miwili: kutoka kilo 64 yuko 58, na wiki tatu hizi sauti imekauka. Tumeambiwa amalize kwanza miezi sita. Jirani naye anasema tusikubali achukuliwe kinyama (kipande kidogo cha doa cha kupimwa), eti saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Hii inaweza kuwa saratani ya mapafu? Tutajuaje?

*Jibu:* Marahaba. Ndiyo, inaweza, na miezi sita ni mingi mno kungoja. Hakuna anayeweza kukuambia kwa eksirei peke yake kwamba ndiyo yenyewe. Lakini doa kwenye pafu, uzito unaoshuka huku mtu anameza dawa, na sauti iliyokauka wiki tatu, vikikutana kwa mtu wa miaka 58, vinatosha kabisa kumpeleka kwenye picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha kifua vipande vipande) wiki hii au ijayo, na baada ya CT achukuliwe kinyama. Dai hayo mawili, kwa mpangilio huo.

TB ilitangulia kwa haki, ila sasa ihojiwe

Waliomwanzishia mama dawa za TB hawakufikiri vibaya. Kwetu huku kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kinachokuja na kukonda huhesabiwa TB mpaka ithibitike vingine. Makohozi kutoonyesha kitu hakuifuti TB pia. Vimelea vinaweza kuwa vichache mno hata mashine isivione, au kilichopelekwa maabara kilikuwa mate ya mdomoni badala ya makohozi yaliyovutwa kutoka kifuani. Daktari akiona doa juu ya pafu, mahali TB inapopenda kukaa, ana haki ya kuanza tiba.

Kinachosahaulika ni kwamba tiba iliyoanzishwa bila kimelea kuonekana nayo ni kipimo, na kipimo kina siku yake ya kusomwa. Siku hiyo ni mwisho wa mwezi wa pili, pale mgonjwa anapotoka kwenye dawa nne kwenda mbili. Mwenye TB inayosikia dawa, homa na jasho la usiku hukatika ndani ya wiki chache za mwanzo, hamu ya kula hurudi, mizani hupanda. Kivuli kwenye eksirei huchelewa kuisha, lakini hakitakiwi kukua. Mama yako amepoteza kilo 6 kati ya 64, zaidi ya asilimia 9 ya uzito wake. Mtu akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, tayari tunatafuta chanzo.

Hapo yapo mambo manne ya kufikiria, na saratani ni moja tu kati yake. La kwanza, ni TB sugu, hasa isiyosikia rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. La pili, dawa hazifiki inapotakiwa: zinarukwa, zinatapikwa, au ana kisukari au VVU ambavyo havijapimwa. La tatu, si TB: ni saratani, au fangasi waliojijengea ndani ya tundu la zamani la pafu, au ugonjwa mwingine. La nne, ambalo watu hulisahau, ni TB na saratani kwa pamoja. Saratani inaweza kuota penye kovu la TB ya zamani, na ikishaota inaweza kuiamsha TB iliyolala. Ndiyo maana hata GeneXpert ikirudiwa leo ikasema TB ipo, CT bado inahitajika ikiwa doa halipungui na uzito unaendelea kushuka.

Msiache dawa za TB kwa uamuzi wenu wa nyumbani. Kuziacha nusu kunaweza kuzaa usugu, na kutawachanganya madaktari wanaokuja. Rudini kliniki ya TB, makohozi yarudiwe, ya asubuhi kabla hajala, mililita 3 hadi 5, mazito, siyo povu la mate. Na acheni kabisa antibiotiki za dukani. Levofloksasini na siprofloksasini hasa zina ubaya wake: zinawapunguza nguvu vimelea vya TB kwa siku kadhaa, mgonjwa anapata nafuu ya uongo, kipimo kinatoka safi, kisha kila kitu kinarudi. Dawa za jamii ya stiroidi, prednisoloni na deksamethasoni, hurudisha hamu ya kula na kumfanya mtu aonekane anapona ilhali ugonjwa unatembea.

Sauti ndiyo iliyonishtua zaidi

Nyuzi za sauti huchezeshwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja kila upande. Wa kulia una njia fupi. Unageuzia karibu na chini ya shingo na kurudi juu. Wa kushoto unasafiri. Unashuka hadi ndani ya kifua, unapita chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena hadi kooni. Upinde huo ni jirani na sehemu ya juu ya pafu la kushoto, na pembeni yake zimejaa tezi za limfu. Uvimbe au tezi iliyovimba ikikaa pale huubana mshipa, na uzi wa sauti wa kushoto unalala. Mtu anabaki na sauti ya pumzi, isiyo na mlio. Mpe mama maji ya kunywa: akipaliwa kirahisi kuliko zamani, na kikohozi chake kikiwa kimepoteza mshindo, mwambieni daktari hivyo hivyo.

Zipo sababu nyingine za sauti kukauka. Tindikali ya tumbo ikipanda kooni inaweza, dawa za kuvuta za pumu zinaweza, tezi ya shingo inaweza, hata TB ya koo lenyewe. Ndiyo maana sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu hutazamwa, haikisiwi. Daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani na kwa dakika chache anaona uzi upi hausogei. Ukikutwa wa kushoto umelala na koo lenyewe ni safi, safari inarudi kifuani.

Nikuonyeshe na kipimo cha vidole, kwa kuwa hakihitaji hela. Mama aunganishe kucha za vidole viwili vya shahada, mgongo kwa mgongo, uzielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kawaida pale kwenye mizizi ya kucha hubaki kidirisha kidogo chenye umbo la kashata, mwanga unapenya. Kidirisha hicho kikiwa hakipo, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko na ncha za vidole zimejaa, hiyo ni dalili tunayoichukulia kwa uzito. Saratani ya mapafu huileta, na magonjwa mengine ya muda mrefu ya mapafu na moyo huileta pia. Kidirisha kikiwepo, hakimwondoi mtu kwenye hatari.

Mchunguze pia jicho la upande wa kushoto: kope imeshuka kidogo, na mboni ni ndogo kuliko ya upande wa pili? Ana maumivu ya bega yanayoteremka ndani ya mkono hadi kidole kidogo, amepakwa dawa za misuli bila nafuu? Uvimbe ulioota kwenye kilele kabisa cha pafu huugusa mtandao wa mishipa ya mkono, na wagonjwa wa aina hii hupotelea kwa madaktari wa mifupa na kwa wakandaji. Uso na shingo vikivimba asubuhi na mishipa ikatokeza kifuani, damu inazuiwa kurudi moyoni. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, kichwa kinachouma upya, kiu isiyoisha pamoja na choo kigumu na kuchanganyikiwa (kalisiamu imepanda kwenye damu), vyote viandikwe. Nimonia inayorudi mahali pale pale nayo ni dalili: kuna kitu kimeziba njia ya hewa. Kila mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyetibiwa nimonia anafaa apigwe eksirei ya pili baada ya wiki 6 hivi, kuona kama kivuli kimeisha.

Damu, hata michirizi tu kwenye makohozi, haina ya kusubiri. Angalieni inatoka wapi. Ya kifuani huwa nyekundu, ina povu, imechanganyika na makohozi. Ya tumboni ni nyeusi kama machicha ya kahawa na huja na chakula. Ya fizi huonekana asubuhi kwenye mswaki.

Kuhusu kutovuta sigara: kunapunguza hatari sana, hakuiondoi. Moshi wa kuni umewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu; moshi wa makaa ya mawe majumbani uko kundi la juu zaidi, la vilivyothibitika. Miaka 25 mbele ya mafiga, ndani ya banda lisilo na dirisha, si jambo dogo. Vumbi la mawe la machimboni, mabati ya asbesto yanayovunjwa kwa nyundo, moshi wa sigara ya mwenza, vyote vina mchango. Na kwa wanawake wasiovuta, aina inayojitokeza zaidi, iitwayo adenokasinoma, mara nyingine ina mabadiliko ya vinasaba ambayo yana vidonge vyake maalumu. Nitalirudia hilo kwenye majibu.

Picha

Eksirei inapanga vitu kimoja nyuma ya kingine kwenye karatasi moja. Moyo, mtulinga, mbavu na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) vinaweza kuficha uvimbe. Kati ya watu watano wenye saratani ya mapafu, karibu mmoja eksirei yake ilisomwa kuwa haina neno. Kwa mama imeshaona kitu, kwa hiyo kurudia kunafaa kwa jambo moja: kulinganisha. Itafuteni ile ya kwanza, muiweke kando ya ya leo mbele ya mtu mmoja.

CT mnayoiomba ni ya kifua, yenye dawa ya kuchomwa mshipani ili mishipa ya damu itofautike na tezi, na ishuke hadi ini lote na tezi za adrenali zilizo juu ya figo zionekane. Saratani ya mapafu hupenda kusafiri kwenda huko, na CT inayoishia kwenye kiwambo mara nyingi hurudiwa kwa gharama ile ile. Kabla ya dawa hiyo apimwe kreatinini kujua hali ya figo. Aseme kama ana pumu, mzio, au anatumia metformini ya kisukari. Figo zikiwa dhaifu daktari ataisimamisha kwa muda. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina mashine ya CT, kwa hiyo hatua hii haina lazima ya kusafiri mbali.

Mkimaliza, dai CD yenye picha zenyewe. Karatasi ya majibu haitoshi, na filamu iliyochapwa ina picha chache tu kati ya mamia. Daktari wa upasuaji wa kifua anataka kuzitembeza mwenyewe kwenye kompyuta, na mkienda bila CD ataagiza CT nyingine. Kwenye karatasi tafuteni vitu vitano: ukubwa wa doa kwa milimita, kingo zake (laini au zenye miiba), tezi za katikati ya kifua, maji kwenye utando wa pafu, na hali ya ini, adrenali na mifupa. Vidoa vya chini ya milimita 6 vimejaa kwenye vifua vya watu wa huku, vingi ni makovu, na havifukuzwi mbio. La mama limeonekana hadi kwenye eksirei, liko kundi jingine.

Hapa niseme neno kuhusu vipimo vya njiani. Mashine inayoshikwa mkononi na kudai imesoma mwili mzima haioni pafu. Vipimo vya damu vinavyouzwa kama "kipimo cha saratani" (CEA na ndugu zake) vinaweza kupanda kwa mtu asiye na saratani na kuwa vya kawaida kwa mwenye nayo. Haviwezi kuthibitisha wala kufuta. Hela hiyo itunzeni kwa ajili ya patholojia, yaani kipimo cha kinyama.

Kinyama: kutoka wapi, na kwenye chupa gani

CT hutangulia kwa sababu ndiyo ramani ya mahali pa kuchukua. Kanuni ni kuchukua penye urahisi zaidi panapoweza pia kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Kama kuna tezi juu ya mtulinga inayoshikika, sindano pale huweza kujibu maswali mawili kwa mpigo, bila kugusa pafu. Ipapase leo, kwenye shimo lililo juu ya mfupa wa bega kwa mbele, pande zote mbili. Kama kuna maji kifuani, tunaanza na maji. Doa likiwa karibu na njia kubwa za hewa, bronkoskopi: kamera inapita puani au mdomoni hadi ndani ya pafu. Likiwa pembezoni, karibu na mbavu, sindano kupitia ukuta wa kifua ikiongozwa na CT.

Bronkoskopi inaogopwa kuliko inavyostahili. Mgonjwa anakaa saa 6 bila kula, koo linapuliziwa ganzi, anapewa dawa ya kumtuliza, kazi inachukua kama nusu saa. Baadaye asile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kwa muda wa saa 2 hivi, asije akapaliwa. Michirizi ya damu siku moja au mbili ni kawaida. Kwa sindano ya nje, tatizo kubwa ni hewa kuvujia kati ya pafu na mbavu. Mara nyingi ni kidogo na huisha yenyewe, mara chache huhitaji mrija. Ndiyo sababu anabakizwa saa kadhaa na kupigwa eksirei kabla ya kuruhusiwa. Akifika nyumbani pumzi ikambana ghafla, arudi usiku huo huo. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini au klopidogreli, aseme wiki moja kabla. Huenda zikasimamishwa siku 5 au zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Sasa chupa, maana hapa ndipo majibu mengi hupotea. Kinyama cha patholojia kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10 mara tu kinapotoka, dawa iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama, chupa iwe na mdomo mpana. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu kwa ajili ya patholojia, kinaoza njiani na mtaalamu anapokea uji. Lakini kipande cha kupima TB kinatakiwa kinyume chake: kiwe kwenye maji ya dripu safi, chupa ya pili, kwa kuwa fomalini inaua vimelea na havitaota. Kwa mama yako ambaye TB na saratani zote ziko mezani, uliza kwa sauti kabla ya kazi kuanza: "Mtachukua chupa mbili?" Jina na namba viandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Maji ya kifuani yana sheria zake. Hayatiwi fomalini. Yapelekwe maabara siku hiyo hiyo; yakichelewa yakae kwenye friji, si friza. Mililita 50 na kuendelea ndizo zinazotakiwa kwa kutafuta seli, pamoja na chupa nyingine ya protini, seli na TB. Inasikitisha mtu kutolewa lita nzima na nusu ili apumue, kisha yote yakamwagwa chooni. Muulizeni anayetoa: "Ya kupima mmeweka?" Na kwenye maji ya saratani, kipimo cha kwanza huona seli kwa karibu wagonjwa 6 kati ya 10 tu. Kikiwa safi kirudiwe mara moja, na kikitoka safi tena, kipande cha utando wa pafu chenyewe kichukuliwe.

Jirani yenu hajabuni neno lake. Ameona watu wakichukuliwa kinyama na kufariki miezi michache baadaye. Alichokiona ni ugonjwa uliokuwa umeshasambaa kabla ya sindano. Seli kufuata njia ya sindano hutokea kwa nadra sana, na haifanani hata kidogo na hatari ya kumpa mtu tiba isiyo yake. Bila kinyama hakuna daktari wa saratani atakayejua ampe nini: kuna saratani za seli ndogo, kama 15 kati ya 100, zinazotibiwa kwa njia tofauti kabisa na nyingine, na kwenye eksirei zote ni doa jeupe.

Kusoma majibu

Jibu likisema "hakuna seli za saratani zilizoonekana" halijasema hana saratani. Muulize daktari swali moja: je, jibu hili linaeleza lile doa? Kikionekana kidonda cha TB chenye vimelea, limeeleza. Likiandikwa "mcharuko wa kawaida" au "sampuli haitoshi", halijaeleza kitu, na kinyama kirudiwe kwa njia nyingine ndani ya wiki chache, badala ya kumrudisha nyumbani na kadi ya miezi sita. Kosa hili hutokea sana.

Likisema saratani, lazima litaje aina yake. "Saratani ya mapafu" tupu ni jibu nusu. Ikiwa ni adenokasinoma, muombe kinyama kilichobaki kipimwe vinasaba vya EGFR na ALK. Msiruhusu vibaki vitupwe, na vile vipande vilivyokaushwa kwenye nta viombeni kama sampuli italazimika kutumwa maabara nyingine. Dawa za vidonge zinazolenga EGFR hupunguzwa nguvu na rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB, kwa hiyo daktari wa saratani na wa TB wakae pamoja kabla hajaanza.

Kisha hupimwa hatua, ya I hadi ya IV. Za mwanzo huweza kukatwa kwa upasuaji. Sauti iliyokauka kwa uvimbe kuubana mshipa kwa kawaida humaanisha ugonjwa umeshatoka nje ya pafu lenyewe, na hapo mionzi na dawa ndivyo huongoza. Ubongo hupigwa picha ikiwa kuna dalili, ikiwa hatua ni kubwa, au ikiwa ni saratani ya seli ndogo.

Kwa aliye Singida, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma ndiyo ya karibu kwa rufaa. KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Muhimbili zinafuata. Pigeni simu kwanza muulize kama bronkoskopi inafanyika wiki hiyo, msije mkalala stendi bure. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni ya tiba. Mkifika na jibu la patholojia na CD mkononi mnaokoa wiki kadhaa. Walio Kenya wana Kenyatta, Moi ya Eldoret na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Uganda kuna taasisi ya saratani pale Mulago. Vipimo na dawa za TB ni bure, CT na kinyama siyo. Kama hakuna bima, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kipimo. Baada ya bili kutoka, msamaha ni mgumu.

Msisubiri miadi yoyote akikohoa damu ya nusu kikombe au zaidi, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi, uso ukivimba, miguu ikilegea au akishindwa kuzuia mkojo, au akianguka degedege. Akikohoa damu nyingi mlazeni kwa ubavu wa kushoto, upande wenye doa uwe chini, ili damu isimwagikie pafu la kulia lililo salama, kisha gari moja kwa moja hospitalini.

Keshokutwa mkienda, bebeni eksirei ya kwanza, kadi ya TB, orodha ya antibiotiki alizotumia na tarehe zake, na uzito wa kila mwezi. Mkikaa mbele ya daktari semeni hivi: "Amemaliza miezi miwili ya dawa za TB isiyothibitishwa, amepungua kilo 6, doa lipo, na sauti imekauka wiki tatu. Tunaomba rufaa ya CT yenye dawa, na daktari wa koo atazame nyuzi za sauti." Akisema msubiri, muombeni aandike sababu na tarehe ya kurudi kwenye kadi.